Grupu, jukwaa la wazi, mfumo wa serikali au ramani: mtaa wako ushike kipi?

Wiki mbili zilizopita kijana wa mtaa wa jirani alinifuata kijiweni, simu mkononi. Alikuwa amepiga picha ya chemba ya maji taka isiyo na mfuniko, hatua chache kutoka geti la shule ya chekechea. "Kaka, hii niirushe wapi? Grupu la mtaa, X, au niipandishe JamiiForums?"

Nikamrudishia swali ambalo na mimi niliwahi kuulizwa na mzee mmoja wa kwetu: unataka nani ainuke kwenye kiti? Akacheka. "Yeyote tu." Hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Picha ikirushwa kwa yeyote, anayeinuka hayupo.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Si cheo cha serikali, ni kujitolea: daftari, kalamu, na simu inayolalamika kila wiki kwamba nafasi imejaa. Mtaa wetu uko bondeni, kwenye mojawapo ya vijito vinavyopeleka maji Msimbazi, na kwa miaka minne sasa tunafuatilia mtaro mmoja. Mkandarasi aliuchimba, akaujengea ukuta upande mmoja, kisha akapakia mashine zake na kuondoka. Kwa ajili ya mtaro huo tumepita karibu kila njia ambayo intaneti inampa mwananchi wa Dar es Salaam. Ninazilinganisha hapa kwa vipimo vinne ambavyo tumevipata kwa kuumia: nani anaona, nani analazimika kujibu, kitu gani kinabaki mkononi baada ya miezi sita, na nani anaachwa nje. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika.

Mlango uliokuwepo kabla ya bando

Huwezi kupima njia za mtandaoni bila kujua zinakupeleka kwenye mlango upi. Mtaa una mwenyekiti na wajumbe wa kuchaguliwa. Waliopo sasa waliingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Pembeni yao yupo mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa na hapigiwi kura. Juu yao kuna kata, na diwani wake na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Juu ya kata kuna halmashauri. Na katikati ya yote kuna mkutano mkuu wa mtaa, ambao mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kukaa ndani yake, akainua mkono na kuuliza mapato na matumizi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu.

(Mjumbe wa nyumba kumi nimemwacha makusudi. Kwa karatasi yeye ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Lakini ukigombana na jirani yako kuhusu ukuta saa tatu usiku, sote tunajua utabisha hodi kwa nani.)

Kasoro ya mlango huu haihitaji maelezo marefu. Mkutano unaitishwa Jumapili saa kumi jioni, wanakuja watu arobaini, nusu yao wazee, na akina mama wenye biashara za jioni wanapita wakisalimia tu kwa sababu mkaa umeshawashwa.

Grupu la WhatsApp

Hili ndilo kila mtaa unaanza nalo, na ndilo nitakaloliongelea zaidi, maana ndilo lenye mengi.

Usiku mmoja wa masika ya 2024, mvua ilipoanza kama saa nane hivi, grupu letu liliamka kabla ya mimi kuamka. Nilipofungua simu kulikuwa na sauti ya mama mmoja anayekaa nyumba ya mwisho kuelekea mtoni. Sekunde kumi na moja. Huwezi hata kumsikia vizuri, unasikia mvua kwenye bati na vyura, na katikati yake anasema, "Yamefika ngazi ya pili." Chini yake picha ya ndoo ya bluu inayoelea sebuleni. Ndani ya nusu saa vijana sita wa bodaboda walikuwa kwake wakitoa magodoro na friji. Hakuna mfumo wa serikali wala jukwaa la kimataifa lingeweza kufanya hivyo. Kwa kuamsha watu wanaofahamiana, usiku, kwa haraka, grupu halina mpinzani.

Ni rahisi pia kwa mfuko. Bando dogo la wiki linatosha kusoma ujumbe, na watu wengi tayari wana WhatsApp kwa ajili ya familia na vikoba. Kura za haraka zimo humohumo. Tuliwahi kuuliza "usafi wa pamoja uwe Jumamosi au Jumapili" na jibu likapatikana kabla ya chai. Michango nayo inakwenda vizuri iwapo mweka hazina anabandika orodha kila jioni: jina, kiasi, salio.

Sasa ubovu wake. Kwanza ni ukubwa. Grupu moja linabeba watu 1,024, si zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 Dar es Salaam, na kuna mitaa yenye maelfu ya watu. Kwa hiyo anayeitwa "mtaa" ndani ya simu yako ni sehemu tu ya mtaa. Kwetu tulipofanya hesabu ya nyumba kwa nyumba tukagundua grupu limejaa wenye nyumba na watoto wao. Wapangaji, ambao ndio wengi na ndio wanaolala vyumba vya chini vinavyojaa maji, walikuwa wachache mno. Sababu ni ya kijinga: anayeongeza watu ni admini, admini ni mwenye nyumba, na wapangaji wake hana namba zao bali namba ya mmoja anayekusanya kodi. Na mwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, hayumo kabisa. Bibi anayeuza maandazi kwenye kona, mwenye kumbukumbu za mtaa tangu nyumba zikiwa kumi, habari za grupu anazipata kwa mjukuu wake.

Pili, hakuna anayelazimika kujibu. Mwenyekiti wetu yumo kwenye grupu. Anasoma. Tiki zinageuka bluu. Kisha anaweka emoji ya mikono iliyofumbatwa, na siku inayofuata kuna tangazo la viatu vya mtumba, rambirambi mbili, na video ya mchungaji, na ule ujumbe wa mtaro umeshafukiwa. Siku nilipotaka kuonyesha ofisini kwamba tumelalamika mara nyingi, nilikuwa na skrinishoti kumi na nne. Afisa aliyenipokea aliziangalia kwa heshima, akasema, "Ndugu yangu, hizi ni stori zenu wenyewe."

Tatu ni siasa. Miezi miwili kabla ya uchaguzi wa Novemba 2024 grupu letu lilipasuka vipande viwili, kila kipande na admini wake na bendera yake. Mtaro ukawa wa chama. Ukiuliza habari zake upande huu unaambiwa unatumwa na upande ule. Tulikuja kuliunganisha Januari, na sharti la kwanza likawa hakuna picha ya mgombea wala kadi.

Dawa tuliyoipata ni kutenganisha. Grupu moja la matangazo, admini peke yao wanaandika, ujumbe usiozidi mitatu kwa siku. Grupu la pili la maongezi, hilo litawaliwe na vyura na mitumba. Na kila Ijumaa tangazo lilelile linachapishwa na kubandikwa dukani, kinyozi na kwa wakala wa pesa. Karatasi hiyo ya shilingi mia mbili ndiyo iliyowaleta wapangaji mkutanoni kuliko linki yoyote.

Majukwaa ya wazi: JamiiForums, X, na wenzao

Hapa unatoka sebuleni unakwenda barabarani. Tofauti na grupu ni kwamba asiyekujua anakuona: mwandishi wa habari, mwanasheria, mbunge, na yule mkubwa ambaye hapendi kuonekana amelala. JamiiForums lilianzishwa 2006 na lina jambo moja ambalo wengine hawana: mjadala wa Kiswahili, mrefu, unaobaki pale miaka mingi na unaopatikana mtu akitafuta. Watu wanaandika kwa majina ya bandia, kwa hiyo karani anayejua kilichomo ndani ya mkataba anaweza kukisema. X ni ya haraka zaidi, na msikilizaji wake ni yule mwenye ofisi, si jirani yako. Instagram na Facebook zina watu wengi wa kawaida lakini uzito wake ofisini ni mdogo, isipokuwa video iwe ya kutisha au ya kuchekesha.

Kwetu tulijaribu X mara moja. (Aliyetoa wazo alizomewa kwanza, kwa sababu kwetu bondeni herufi X ina maana nyingine. Ni ile alama nyekundu iliyopakwa kwenye kuta za bonde la Msimbazi kabla ya bomoabomoa ya Desemba 2015.) Tukaweka video ya sekunde arobaini: mtoto anavuka mtaro juu ya ubao mmoja, begi la shule mgongoni. Ikazunguka. Siku ya pili watu wawili wenye vizibao vya njano walifika na futi kamba, wakapima, wakaandika, wakapiga picha. Tukashangilia. Wiki ya pili hakuna. Mwezi wa pili hakuna. Video ikawa imezama, na hatukuwa na namba ya jalada, jina la aliyekuja, wala ahadi ya maandishi. Tena tulikuwa tumemuudhi mwenyekiti, aliyeona ameanikwa na watu wake mwenyewe kabla hata hajapewa barua. Ilituchukua muda mrefu kurudi kuongea naye vizuri, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuudhika.

Kwa hiyo jukwaa la wazi linamwinua mtu kwenye kiti, ila halimzuii kukaa tena.

Kuna la pili, na hili lipimwe kwa utulivu. Majukwaa haya si yako, na mlango wake unaweza kufungwa asubuhi moja. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani baada ya jukwaa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Septemba 2025 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisimamisha leseni ya jukwaa hilo kwa siku 90. X ilibanwa wakati wa uchaguzi wa 2020, na Mei 2025 ikafungwa. Kutumia VPN, programu ya kupitia pale palipofungwa, nako kuna masharti: Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaoitumia wajisajili. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yote ilizimika kwa siku kadhaa. Siku hizo hata grupu letu lilikuwa kimya, tukarudi kwenye kubisha hodi. Mtaa uliokuwa umeandika namba za simu za kila nyumba kwenye daftari ulijua hali ya watu wake. Uliokuwa na grupu peke yake ulikuwa gizani.

Na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Haichagui kati ya X na grupu la mtaa. Kwa hiyo sisi tuna kanuni ndogo: tunaandika tulichokiona kwa macho, tarehe, mahali, na kipimo. "Mtaro una urefu wa mita 60 bila ukuta upande wa kushoto, picha ya Machi 3." Hatuandiki nani kala. Kama unaamini kuna aliyekula, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure 113, na hapo hukusanyi likes. Vilevile sura ya mtoto kwenye video yetu, leo ningeifunika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kazi Mei 2023, lakini hata bila sheria, mama yake hakuulizwa.

Mfumo wa serikali, na barua yenye muhuri

Watu wa mtandaoni wanaudharau upande huu kwa sababu hauna makofi. Mimi nimeuheshimu kwa kuchelewa.

Serikali ina e-Mrejesho, mfumo wa kupokea malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi. Unaingia kwa tovuti, kwa programu ya simu, au kwa kupiga *152*00#. Hiyo namba ya mwisho ndiyo yenye maana kubwa kwangu, kwa kuwa mwenye kiswaswadu anaingia, bila bando. Unachagua taasisi, unaandika, unapata namba ya kufuatilia. Tofauti yake na grupu ni kwamba sasa kuna upande wa pili ambao jina lake limeandikwa. Tofauti yake na X ni kwamba hakuna mwingine anayeona. Jirani yako akilalamikia mtaro uleule, hajui kama wewe umeshaandika, na ninyi wote wawili mnaweza kuhesabiwa kama watu wawili wasiojuana.

Nchini Uingereza kuna huduma iitwayo FixMyStreet, ya tangu 2007, ambayo imechanganya hayo mawili: unaweka alama ya shimo kwenye ramani, taarifa inakwenda halmashauri, na wakati huohuo kila mtu anaiona pamoja na tarehe. Ningependa tungekuwa na ya namna hiyo hapa. Mpaka ije, tunaigiza kwa mikono. Kila mtu anayepeleka lalamiko anatuma namba yake ya ufuatiliaji kwenye grupu la matangazo, na mimi naiandika kwenye daftari, safu ya tatu. Tulipofika namba kumi na saba, barua yetu iliyofuata ilizitaja zote.

Barua yenyewe ndiyo mzee wa njia zote. Anwani, tarehe, "YAH: MTARO ULIOACHWA BILA KUKAMILIKA", aya tatu, sahihi. Unachapa nakala mbili steshenari, unazipeleka masijala, moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Nakala nyingine kwa diwani na kwa mtendaji wa kata. Muhuri huo ndio unaokosekana kwenye tiki za bluu. Na kama unachotaka ni taarifa, kwa mfano mkataba wa mkandarasi au kiasi alicholipwa, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku zisizozidi 30 kukujibu. Nimeona uso wa karani unavyobadilika akisoma mstari huo. Si hofu, ni kule kuona kwamba hapa kuna siku zinazohesabiwa.

Ubaya wake ni uvumilivu. Barua haimwamshi mtu saa nane usiku. Inachosha, ina nauli, na inahitaji mtu mwenye asubuhi ya Jumanne isiyo na mwajiri. Ndiyo maana kamati nyingi zinatawaliwa na wastaafu.

Ramani

Hii ni njia ambayo mitaa michache inaifikiria, na Dar es Salaam ni mji ambao ungepaswa kujivunia. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipita vichochoro kwa miguu wakichora eneo lao kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri bure. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ambao uliendeleza kazi hiyo kwenye kata nyingine zinazokumbwa na mafuriko: mitaro, madaraja, njia, vyoo, nyumba moja moja.

Sisi tulikopa mbinu hiyo kwa Jumamosi moja. Vijana wawili wenye simu, mmoja mwenye chaki. Kila nyumba wanauliza swali moja: maji huwa yanafika wapi? Mzee mmoja hakujibu kwa mdomo. Alisogea ukutani, akaweka kiganja usawa wa kitovu chake, akasema, "Elfu mbili na kumi na moja." Ni ile Desemba ambayo mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Kijana akachora mstari wa chaki pale kiganja kilipokuwa, akapima: sentimita 98. Chini yake mstari wa 2024: sentimita 61. Jioni tulikuwa na nukta hamsini na kitu kwenye ramani, na ukiziangalia zilikuwa zinaanzia palepale ukuta wa mtaro unapokatikia. Tukaichapa kwa karatasi kubwa ya A3 na kuiambatanisha na barua. Ni hiyo, si video, iliyomfanya mhandisi mmoja avute kiti na kuuliza, "Hii mmepima wenyewe?"

Ramani ni polepole kuliko grupu, na haipigi kelele kama X. Kinachobaki mkononi ni kingi kuliko vyote. Lakini uwe na tahadhari. Karatasi inayoonyesha nyumba zipi zinafikiwa na maji ni karatasi hiyohiyo inayoweza kutumika kusema nyumba zipi zitoke. Kwetu kulikuwa na mabishano makali juu ya hilo, na nyumba tatu zilikataa kupimwa. Tuliziacha bila nukta.

Basi uchague vipi?

Angalia kwanza aina ya jambo, si programu unayoipenda.

Jambo la leo lenye mwenyewe anayejulikana, yaani bomba limepasuka, nguzo imeanguka, chemba iko wazi, lisianzie mtandaoni hata kidogo. Piga huduma kwa wateja ya mwenye bomba au nguzo, dai namba ya taarifa, kisha ndiyo uiweke kwenye grupu ili wengine wapige wakiitaja namba hiyohiyo. Kati ya grupu na X hapa, grupu linashinda wazi.

Jambo la fedha au ardhi ya mtaa, kama vile mapato na matumizi, ada ya taka, au eneo la wazi ambalo ghafla limezungushiwa mabati, hilo ni la barua na mkutano. Grupu litumike kujaza viti tu. Jukwaa la wazi liwe hatua ya mwisho, na ukilifikia, picha ya kwanza iwe ya barua yako yenye muhuri wa miezi mitatu iliyopita. Hapo hujamwanika mtu. Yeye ndiye aliyekaa kimya.

Jambo linalojirudia kila mwaka ni la ramani. Mafuriko, ajali kwenye kivuko kilekile, taka zinazotupwa usiku sehemu ileile. Ukiliendea kwa video, kila mwaka unaanza upya.

Jambo kubwa kuliko mtaa, mfano nauli, wamachinga kuhamishwa, sheria inayojadiliwa, ndipo JamiiForums na X zinapofaa kuliko grupu, kwa sababu mwenyekiti wako hana uwezo nalo. Wakati mkataba wa bandari ulipojadiliwa 2023, mjadala mzito wa mtandaoni ulikuwa huko, na sisi kwenye grupu tulikuwa tunarushiana vipande vyake tu.

Habari za fursa, kwa mfano mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni za grupu la matangazo pamoja na karatasi ukutani. Hapa kosa si kukosa kelele, kosa ni kuzijua siku ya mwisho. Iliporudishwa 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia, vikundi viwili vya kwetu vilisikia kutoka mtaa mwingine.

Na kama huna mtu wa kufuatilia, anza na *152*00# leo jioni. Ni kidogo, lakini unapata namba.

Yule kijana wa chemba alipiga simu akiwa amekaa palepale kijiweni, akaandika namba ya taarifa kwenye kiganja kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi. Mwalimu mkuu akaandika barua ya mistari mitano. Wakati wakisubiri, grupu lilitoa tairi bovu na mti wenye kitambaa chekundu, vikasimikwa juu ya shimo. Mfuniko uliwekwa Alhamisi.

Mtaro wa kwetu bado. Barua ya tatu ilijibiwa kwa maandishi: mtaro umeombewa fedha, na mhandisi atakuja kuueleza mkutano mkuu wa mtaa. Ni Jumapili ijayo, saa kumi, ajenda ya pili. Tangazo limetoka kwenye grupu na kwa kinyozi, na nimewaomba vijana waje mapema kunisaidia kubandika ramani ukutani, upande ule usio na jua.